Sauti na picha zinaachana: mtafute mkosaji kabla ya kuvuta faili

Kila msimu wa harusi malalamiko ni yale yale. Maharusi wakiingia ukumbini sauti na picha zinakwenda pamoja. Wakifika kwenye keki, MC anasikika kabla hajafungua mdomo. Mwingine analeta kazi ya kwaya: rekoda ndogo mbele ya waimbaji, kamera katikati ya kanisa, simu mbili pembeni, na hakuna inayokubaliana na mwenzake. Karibu wote huja na jibu tayari: "Rekoda ilikuwa 44.1, kamera ilikuwa 48, ndiyo maana."

Mara nyingi siyo. Programu za kuhariri za siku hizi zikikuta faili imeandikwa sampuli (vipimo vidogo vya sauti) 44,100 kwa sekunde, ndiyo hiyo 44.1, ndani ya mradi wa 48,000, huigeuza zenyewe, na saa moja hubaki saa moja. Tofauti hiyo inakuwa balaa pale tu maandishi ya faili yanaposema namba moja na sauti yenyewe imenaswa kwa namba nyingine. Kinachoachanisha sauti na picha kidogo kidogo huwa ni fremu za simu (picha moja moja zinazounda video), au saa za ndani za vifaa viwili zisizotembea sawa. Nalisisitiza hili kwa sababu dawa ya kosa moja huiharibu kabisa kazi yenye kosa jingine. Nimeletewa kwaya ya saa mbili ambayo mhariri aliikata vipande kumi na tisa na kuvuta kila kimoja (kukirefusha au kukifupisha) kwa mkono, na sauti za waimbaji zikaanza kutetemeka. Kumbe rekoda ilikuwa imepoteza robo ya sekunde mahali pamoja tu.

Kabla ya yote, pima

Nakili faili zote kama zilivyotoka kwenye kadi, weka nakala pembeni, kisha fanya kazi na nakala ya pili. Tafuta mshindo mkali karibu na mwanzo: kofi, pigo la ngoma, mlango uliobamizwa. Tafuta mwingine karibu na mwisho. Ndani ya kila faili, peke yake, pima muda kati ya mishindo hiyo miwili, halafu linganisha. Tofauti inayopatikana kwa kila saa moja ndiyo inayomtaja mkosaji:

- Rekodi ya saa moja imekuwa 65:18, au imefupika hadi 55:07: kiwango cha sampuli kimeandikwa vibaya.
- Imezidi dakika 2 na sekunde 30, au imepungua dakika 2 na sekunde 24: fremu 24 zimechanganywa na 25.
- Sekunde 3.6: fremu 29.97 zimehesabiwa kama 30, au kinyume chake.
- Chini ya nusu sekunde, ikikua pole pole bila kuruka: saa za ndani za vifaa.
- Tofauti ipo tangu mwanzo na haikui: umbali, au ucheleweshaji wa kifaa.
- Hakuna tofauti, halafu ghafla ipo: kuna kipande cha sauti kimepotea.

Pima na mshindo wa tatu, katikati. Ikiwa nusu ya njia ina nusu ya kosa, kosa limenyooka na litarekebishwa kwa namba moja. Kama katikati hakulingani na hesabu hiyo, usivute chochote bado.

"Sauti imekuwa nzito na inakokota" au "wanaongea kama watoto"

Hapa ndipo kiwango cha sampuli kina hatia kweli. Faili ya 48,000 ikichezwa kama 44,100, kila kitu kinapungua kasi kwa asilimia 8 hivi na sauti inashuka karibu nusu-toni moja na nusu. Mpiga kinanda atakuwa wa kwanza kukwambia, maana wimbo hautakaa kwenye kitufe chochote cha kinanda chake. Kinyume chake, sauti inapanda na maneno yanakimbia. Ukisikia imepanda oktavu nzima na kasi imekuwa mara mbili, fikiria 48,000 iliyochezwa kama 96,000. Ikiwa kasi ni mara moja na nusu, fikiria 32,000 na 48,000, jambo linalowapata sana wanaohamisha kanda za zamani za MiniDV (kanda ndogo za video za kidijitali), kwa kuwa kamera hizo zilikuwa na hali ya biti 12 iliyonasa kwa 32,000.

Chanzo cha kawaida ni mikisa ya kidijitali iliyowekwa 48,000 wakati programu ya kompyuta imeanzishwa kwa 44,100 na inafuata saa ya mikisa. Sampuli zinaingia kwa kasi ya mikisa, programu inaandika namba yake. Mikisa kama Behringer X32 hufanya kazi kwa viwango hivyo viwili tu, kwa hiyo tazama ukurasa wake wa mipangilio kwanza. Inachukua nusu dakika. Kinachofuata kwa wingi ni faili iliyookolewa baada ya kuharibika, ikaingizwa kama sauti ghafi, na aliyeiingiza akachagua namba isiyo yake. Mara chache sana huwa ni kichwa cha faili chenyewe, yaani maelezo yaliyo mwanzoni mwake: katika WAV ya kawaida namba hiyo hukaa kwenye baiti ya 24 hadi ya 27 ukihesabu kuanzia sifuri, na ikiandikwa vibaya hapo, kila programu itadanganyika kwa namna moja.

Jinsi ya kuhakikisha: fungua faili kwa MediaInfo, programu inayoonyesha maelezo ya faili, usome kiwango kilichoandikwa na urefu wa faili. Kama shughuli ilichukua saa moja na faili inajieleza kuwa ni 65:18, umeshapata jibu.

Dawa ni kusahihisha lebo, wala si kugeuza sampuli. Hapo ndipo wengi wanapoteleza. Katika Audacity, programu ya kuhariri sauti, bonyeza jina la traki, chagua "Rate", weka namba ya kweli. Sampuli zinabaki zilivyo na muda unarudi mahali pake. Ukichagua "Resample" badala yake, programu itatengeneza sampuli mpya na kulihifadhi kosa vile vile, ila sasa faili itakuwa na namba nzuri na kosa limejificha ndani. Wanaotumia ffmpeg, programu inayoendeshwa kwa kuandika amri, amri ni hii:

ffmpeg -i kwaya.wav -af asetrate=48000 -c:a pcm_s24le kwaya_sawa.wav

Alama -ar peke yake haifanyi kazi hii, yenyewe inageuza. Na kama rekodi ilikuwa ya biti 16, weka pcm_s16le.

Kwa faida ya anayejiuliza kwa nini tuna namba mbili: 44,100 imetokana na enzi ambazo sauti ya kidijitali ilihifadhiwa kwenye kanda za video, sampuli tatu kwa kila mstari wa picha. Mistari 245 mara 60 kwa sekunde, au mistari 294 mara 50, zote mara tatu, zinaleta 44,100. CD ilipoingia sokoni mwaka 1982 iliirithi. Na 48,000 inagawanyika bila baki kwa fremu 24, 25 na 30: sampuli 2,000, 1,920 na 1,600 kwa kila fremu. Ndiyo maana kwa kazi yoyote yenye picha naweka kila kifaa 48,000. Hiyo haizuii saa za vifaa kuachana, lakini inaondoa mshukiwa mmoja mezani.

"Mwanzo iko sawa, mwisho imeachana"

Hili ndilo linaloletwa zaidi, na lina vyanzo vinne.

Cha kwanza, siku hizi, ni simu. Kamera ya simu haitoi fremu kwa mwendo mmoja. Ukumbi ukiwa na mwanga hafifu, simu nyingi hupunguza fremu ili kila moja ipate mwanga zaidi. Taa zikiwaka zinaongezeka tena. Mchezaji wa video ndani ya simu anasoma muda wa kila fremu, kwa hiyo humo picha na sauti haviachani. Programu ya kuhariri inayodhani fremu zote ni sawa ndiyo inayovuruga. Ukaguzi ni mwepesi: weka klipu ya simu peke yake kwenye programu, bila rekoda, ukitumia sauti yake yenyewe. Midomo ikipishana hapo, rekoda haina kosa. Ipitishe klipu kwenye HandBrake, programu ya kugeuza video, chagua "Constant Framerate" na namba unayotaka, weka ubora juu, na uanze upya na hiyo mpya. Usiivute sauti kufuata picha ya namna hii, kwa sababu kosa lake halijanyooka: litakuwa kubwa gizani na dogo kwenye mwanga.

Jambo jingine kuhusu simu. Klipu iliyokufikia kwa WhatsApp kama video imeshabanwa upya njiani. Mwombe mwenye nayo aitume kama hati, au akupe kwa waya. Nimeona watu wakihangaika siku nzima na nakala, na ile halisi iko kwenye simu ya shangazi wa bibi harusi.

Cha pili ni saa. Ndani ya kila rekoda na kila kamera kuna kristali ya kwatzi inayohesabu sampuli, na hakuna kristali mbili zinazotetemeka sawasawa. Kifaa kinachoandika 48,000 kinaweza kuwa kinanasa 48,001 au 47,999. Kosa la sehemu 20 kwa milioni, ambalo ni la kawaida kabisa, hufikia milisekunde 72 kwa saa. Vifaa viwili vya bei ndogo, kimoja kikiwahi kwa 50 na kingine kikichelewa kwa 50, vinaachana sekunde 0.36 kwa saa, yaani fremu tisa za video ya fremu 25. Hivyo ndivyo MC anavyosikika kabla ya mdomo wake. Joto nalo linaisogeza kristali, kwa hiyo rekoda iliyoachwa juani Mombasa tangu asubuhi na kamera iliyokaa kwenye kiyoyozi zitaachana zaidi ya kawaida yao.

Kosa hili limenyooka, na hesabu yake ni ya shule ya msingi. Tuseme kwenye kamera muda kati ya makofi mawili ni sekunde 3,500.000, na kwenye rekoda ni 3,500.210. Gawanya 0.210 kwa 3,500: ni 0.00006, yaani asilimia 0.006. Rekoda inatakiwa iende kasi zaidi kwa kiasi hicho. Katika Audacity tumia "Change Speed and Pitch", andika 0.006 kwenye nafasi ya asilimia, kwa faili nzima, mara moja. Kasi na toni vinabadilika pamoja, lakini kwa kiasi hiki toni inasogea sehemu moja ya kumi ya senti, na nusu-toni moja ina senti mia. Hakuna sikio litakalolijua hilo. Epuka "Change Tempo" kwa kazi hii. Amri hiyo hubakiza toni kwa kukata na kuunganisha vipande vidogo vya sauti, na kwenye makofi, vigelegele na sauti za kwaya utasikia mikwaruzo. Kama shughuli ni ya hotuba yenye mapumziko, kuna njia rahisi zaidi: kata penye kimya kila baada ya dakika kumi na sogeza fremu moja au mbili.

Msimbo wa muda, ule unaosambazwa na visanduku vidogo vinavyofungwa kwenye kila kamera, hautibu ugonjwa huu peke yake. Unakuambia klipu imeanza saa ngapi. Haulazimishi kristali ya rekoda itembee sawa na ya kamera. Kwa klipu fupi unatosha kabisa. Kwa rekodi ya saa tatu isiyosimama, utaanza pamoja na kumaliza mbalimbali.

Cha tatu ni fremu. Kwetu kamera nyingi huwekwa fremu 25, lakini iliyonunuliwa Marekani inaweza kuja imepangwa 29.97, na mhariri akailazimisha iwe 30 kamili kupitia "Interpret Footage" ya Premiere Pro au "Clip Attributes" ya DaVinci Resolve. Picha inakimbia kwa asilimia 0.1: sekunde 3.6 kwa saa. Rudisha fremu za asili za klipu, na tatizo linakwisha bila kuigusa sauti. Katika Resolve, panga fremu za mradi kabla ya kuingiza klipu ya kwanza, maana baada ya hapo haikuruhusu tena.

Cha nne, na adimu, ni kanda za MiniDV zilizonaswa na kamera za nyumbani. Nyingi ya hizo hazikufunga sauti kwenye fremu za picha, kwa hiyo ukihamisha kanda ya saa moja kama faili moja, mwisho unaweza kuachana. Hamisha kwa vipande, tukio kwa tukio.

"Ilikuwa sawa, halafu ghafla ikaruka"

Usivute. Kata na usogeze.

Hesabu faili kwanza. Rekoda na kamera nyingi hukata faili kila inapofika GB 2 au GB 4. Kwa sauti ya njia mbili, 48,000 na biti 24, GB 2 ni saa mbili na dakika nne. Basi ukisikia mruko kwenye saa mbili na dakika nne, umeshajua ni wapi. Vifaa vingine huunganika bila pengo, vingine hupoteza kidogo kwenye mshono. Kamera nyingi za picha za miaka ya nyuma husimama zenyewe kwenye dakika 29 na sekunde 59, na mpiga picha akabonyeza tena bila kukumbuka kukwambia. Simu iliyopigiwa katikati ya kurekodi inaweza kukata pia.

Kama faili ni moja na bado kuna mruko, shuku kadi yenye kasi ndogo, au kompyuta iliyozidiwa ikadondosha sampuli. Kuza umbo la wimbi kwenye skrini kabisa: penye kudondosha utaona mstari umevunjika wima, na sikioni ni "tik". Kata hapo hapo, sogeza kinachofuata hadi mshindo wa mbele ukutane, kisha pima upya. Baada ya hapo tu ndipo unaweza kuangalia kama kuna kuachana pole pole kulikobaki.

"Imechelewa kidogo tangu mwanzo mpaka mwisho"

Mara nyingi ni umbali. Sauti husafiri mita 345 hivi kwa sekunde ndani ya ukumbi wenye joto la kwetu, karibu milisekunde 3 kwa kila mita. Kamera iliyo mita 20 kutoka kwa msemaji inasikia milisekunde 58 baada ya kuona. Ukiiachia programu ilinganishe mawimbi yenyewe, inaipanga rekoda ifuate maiki ya kamera, na kule kuchelewa kunaingia kwenye sauti yako safi. Isogeze sauti nyuma, kuelekea mwanzo wa rekodi, kwa milisekunde 3 kwa mita na midomo itatulia.

Umoja wa Utangazaji wa Ulaya, katika pendekezo lake R37, unaruhusu sauti itangulie picha kwa milisekunde 40 au ichelewe kwa 60. Kuchelewa kunavumilika zaidi kwa kuwa ndivyo dunia ilivyo: tunaiona radi kabla ya kuisikia. Kwa hiyo ukiwa katikati ya fremu mbili na huna uhakika, chagua ile inayoichelewesha sauti.

Umbali ukiwa mdogo na bado inachelewa, angalia kama kuna Bluetooth mahali popote kwenye njia, hata kwenye spika unazosikilizia wakati wa kuhariri. Nimewaona watu wakirekebisha kazi isiyo na kosa kwa sababu ya vifaa vya masikioni visivyo na waya. Hariri kwa waya.

"Haijaachana, ila inasikika kama simu"

Maiki ya Bluetooth mara nyingi hunasa kwa sampuli 8,000 au 16,000 kwa sekunde. Sauti ya 8,000 haina chochote juu ya 4,000 Hz. Herufi s na sh zimebaki kivuli. Kuipandisha hadi 48,000 kunaongeza ukubwa wa faili tu. Tafuta sauti ya kifaa kingine kilichokuwepo.

"Tik, tik, tik" katika rekodi nzima

Ikiwa vifaa viwili vya kidijitali vimeunganishwa kwa waya wa kidijitali na vyote vimewekwa vifuate saa zao za ndani, vitagongana na kutoa mlio huo. Kifaa kimoja kiwe bwana, vingine vyote vifuate saa ya nje inayotoka kwake. Kabla ya kubadili mpangilio huu, shusha spika zote hadi chini na watu wavue vifaa vya masikioni: mlipuko unaoweza kutoka wakati saa inabadilika unaua twita (spika ndogo ya sauti za juu) na kuumiza masikio. Usibadili kamwe wakati ibada au tamasha linaendelea. Tik zilizokwisha kunaswa hazitoki kwa kugeuza kiwango cha sampuli.

Mahali pa kusimama na kumwita mtaalamu

Kadi haisomeki, au inaomba kufomatiwa. Itoe, usiandike kitu, usiendeshe programu ya kuirekebisha juu ya kadi yenyewe. Kila jaribio linaweza kufunika kile kinachookolewa. Mpelekee anayeokoa data, na mweleze kifaa kilichoinasa.

Rekodi itatumika mahakamani au polisi, au kuna dalili kwamba itatumika. Usiikate, usiigeuze, usiipe jina jipya. Hata kusahihisha lebo kwa nia njema kunaweza kuifanya isikubalike. Mtaalamu wa ushahidi wa sauti afanye mwenyewe, kuanzia kwenye kifaa chenyewe.

Kanda ya zamani ina ukungu mweupe au inakwama. Usiicheze hata mara moja ili kujaribu.

Mikisa inanuka kuungua, au inajizima. Chomoa kwenye umeme, na usiifungue: ndani ya sehemu ya umeme kuna kapasita zinazoweza kubaki na umeme baada ya kuchomoa.

Na kama umepima mishindo mitano na kosa linapanda na kushuka bila mpangilio, huku kamera haikunasa sauti yoyote ya kulinganisha, kazi hiyo ni ya mtu mwenye vifaa na muda wa kuipanga sentensi kwa sentensi. Ukimpelekea, mpe faili za asili ambazo hazijaguswa, orodha ya vifaa na mipangilio yake, na zile namba ulizopima.